Ripoti ya jeni ya kijana wangu imetoka, naomba mnieleze maneno haya

Mama Jabali, Kayole

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba mwenye mtoto aliye na ugonjwa wa misuli anisaidie kusoma ripoti.

Kijana wangu ana miaka 6. Alichelewa kutembea, nikaambiwa wavulana huwa wazito, nisiwe na haraka. Alipoanza akawa anaanguka ovyo, na mbio hajawahi kukimbia kama wenzake. Tunaishi ghorofa ya tatu, na ngazi huzipanda kwa kujivuta kwenye chuma, miguu yote miwili ikutane kwenye kidato kimoja kabla hajaenda kingine. Akiwa ameketi chini na anataka kusimama, hupiga magoti kwanza, hubinua makalio juu, kisha huweka mikono kwenye magoti na kujisukuma, mikono ikipanda mapaja yake mwenyewe mpaka anyooke. Vigimbi vyake ni vinene, majirani walikuwa wakimsifu kwamba atacheza mpira.

Mwaka jana kliniki moja ya mtaani ilimpima damu, wakasema ini lina shida. Tukanunua dawa za ini miezi mingi na hakuna kilichobadilika. Baadaye daktari wa watoto alimtazama akiinuka sakafuni, akaagiza kipimo kinachoitwa CK. Kilirudi 14,300, na pembeni wameandika kawaida ni chini ya 200. Ndipo damu ya jeni ikachukuliwa na kupelekwa nje ya nchi.

Ripoti nimetumiwa kwa simu, na kliniki ni mwezi ujao. Inasema kuna dilisheni ya eksoni 48 hadi 50 kwenye jeni ya DMD, hemizigasi, nje ya fremu, pathojeniki. Chini kabisa wanashauri mama apimwe kama ni mbeba jeni. Hapo ndipo nilipovunjika moyo. Mama mkwe ameshasema kwao hakujawahi kuwa na mtoto wa hivi, basi umetoka kwetu. Mume wangu amenyamaza tu. Nielezeni kwa lugha ya nyumbani, na mniambie ukweli.

Mwalimu Nekesa, Umoja

Pole sana Mama Jabali. Ya ripoti nawaachia wanaojua, mimi niseme ya shule. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema, uombe darasa la chini na aruhusiwe kwenda msalani kabla ya kengele, wenzake wasimsukume mlangoni. Mwalimu wa michezo aelezwe kwamba mtoto huyu si mvivu. Nimefundisha mtoto wa namna hii, na kilichokuwa kikimuumiza ni kuchapwa maneno kila siku eti anajikokota.

Baba Amani, Githurai

Mama Jabali, pole, na karibu kwetu. Amani wangu ana miaka 13, ana Duchenne, ugonjwa huu wa misuli, kama wako. Mimi ni fundi wa umeme, si daktari, lakini karatasi hizi nimekaa nazo na madaktari wa neva za watoto mpaka nikazielewa. Daktari wako atakuwa na neno la mwisho.

Jeni ni maagizo ambayo mwili hufuata kutengeneza protini. Jeni ya DMD hutengeneza distrofini, inayokinga ukuta wa seli ya misuli usichanike kila misuli inapokaza na kulegea. Ikikosekana, misuli huchanika kidogo kidogo, na palipokuwa na nyama huingia mafuta na makovu. Ndiyo maana vigimbi vinanenepa huku nguvu zinapungua. CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli, na misuli ikichanika kinavuja kwenye damu.

Hilo la ini limewapata wengi. Vipimo viwili vinavyoitwa vya ini, ALT na AST, vimo pia ndani ya misuli, kwa hivyo hupanda hata ini likiwa zima kabisa. Kuna kingine, GGT, ambacho misuli haikipandishi. Mzazi yeyote anayesoma hapa, ukiambiwa mtoto wako wa kiume anayeangukaanguka ana shida ya ini, omba apimwe CK kabla hujanunua dawa. Ni kipimo cha kawaida cha damu. Inaniuma kuona miezi inapotelea kwenye chupa za dawa ambazo mtoto hakuzihitaji.

Sasa ripoti. Eksoni ni vile vipande vya jeni vyenye maagizo yenyewe, na jeni hii ina 79. Dilisheni maana yake vipande vimekosekana, na kwa mtoto wako ni cha 48, 49 na 50.

Nje ya fremu ndiyo habari nzito kuliko zote kwenye karatasi yako. Mwili husoma maagizo herufi tatu tatu. Andika KAA PAA JUA. Futa PAA lote, unabaki na KAA JUA, fupi lakini inasomeka. Huko ni kuwa ndani ya fremu, na mtoto wa hivyo mara nyingi huwa na Becker, ugonjwa wa jeni hiyo hiyo ambao huenda polepole zaidi. Rudi mwanzo, ufute ile P peke yake, kisha usome tena tatu tatu: KAA AAJ UA. Kuanzia hapo hakuna kinachosomeka, na distrofini haitengenezwi. Kukosekana kwa 48 hadi 50 kunavuruga usomaji namna hiyo, kwa hivyo wanazungumzia Duchenne.

Hemizigasi ni kwa sababu yeye ni mvulana. Ana kromosomu X moja, aliyopata kwako, na Y ya babake. Jeni ya DMD iko kwenye X. Msichana ana X mbili, moja ikiharibika nyingine hushika kazi, lakini mvulana hana akiba. Pathojeniki maana yake mabadiliko haya yanajulikana kuleta ugonjwa. Wapo wazazi wanaopewa ripoti inayosema mabadiliko yameonekana ila maana yake bado haijajulikana, na hao hukaa gizani miaka. Wewe umepata jibu kamili.

Kuhusu mama mkwe. Ni kweli X ya mvulana hutoka kwa mama, na haina maana nyingine zaidi ya hiyo. Karibu theluthi moja ya watoto hawa, mabadiliko yameanza kwao wenyewe, mama hana. Jeni hii ni mojawapo ya jeni kubwa kabisa mwilini mwa binadamu, na kwa ukubwa huo inakatika upya mara kwa mara, katika kila kabila na kila nchi. Na kama utakutwa unayo, hukuichagua, hukula kitu kibaya, hakuna aliyekuroga. Mwambie mama mkwe aje kliniki aketi pale asikie kwa masikio yake. Mimi nilimpeleka mama yangu, akamsikiliza daktari, na tangu siku hiyo hakumsema mke wangu tena. Mume wako naye usimwache nje. Baba wengi hunyamaza kwa hofu.

Ila pima, kwa sababu kipimo hicho ni cha afya yako pia. Mwanamke mbeba jeni, yaani mwenye mabadiliko haya kwenye X yake moja, anaweza kupata udhaifu wa moyo baadaye maishani hata kama miguu yake haina neno. Akijulikana, moyo wake huangaliwa kwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, kila miaka 3 hadi 5. Hakuna aliyemwambia mke wangu hayo mpaka tulipouliza wenyewe.

Umeomba ukweli. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo. Wengi huacha kutembea wakikaribia miaka 12, Amani yuko kwenye kiti cha magurudumu tayari. Zamani walikuwa wanafariki kabla ya miaka 20. Siku hizi wanaotunzwa vizuri moyo na kifua wengi wanafika miaka ya thelathini, na tofauti hiyo imeletwa na utunzaji. Kwa hivyo uliza kuhusu stiroidi, kama prednisoloni, na lini aanze. Zinarefusha muda wa kutembea na zinasaidia kifua na mgongo. Lakini zina bei yake mwilini: uzito, mifupa, macho, na mtoto kutorefuka sana. Akishaanza, usimkatishe ghafla hata siku moja kwa sababu dawa imeisha dukani, maana mwili unakuwa umeshaacha kutengeneza ya kwake na anaweza kuzidiwa vibaya. Nunua kabla haijaisha. Chanjo, ikiwemo ya tetekuwanga, zizungumzieni kabla ya kuanza. Eko ya moyo ifanywe sasa na iwe ya kila mwaka, hata kama halalamiki kifua.

Nyumbani, shika vifundo vya miguu. Kano za kisigino hujikunja mapema, ukamwona anatembea kwa vidole. Sisi jioni Amani huketi ameunyoosha mguu, namzungushia leso chini ya wayo, karibu na vidole, navuta ncha zote mbili taratibu kuelekea kwangu huku goti limelala chini. Nashikilia akihesabu mwenyewe mpaka thelathini, kisha mguu wa pili. Isiume. Mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, akuonyeshe kwanza kwa mkono wake. Na asirukeruke wala kushuka ngazi mbio, maana misuli inayokaza huku inavutwa ndiyo inayochanika zaidi. Kwa jinsi ulivyosema mko ghorofa ya tatu, mkipata nyumba ya chini hameni.

Nusukaputi nayo. Kuna dawa ya kulegeza misuli, saksamethoni, inayoweza kusimamisha moyo wa mtoto wa Duchenne. Andika kwenye kadi, iwe mfukoni mwake: ana Duchenne, asipewe saksamethoni, na kama anatumia stiroidi isemwe. Daktari wa meno aione, na anayempeleka shule ajue iko wapi.

Kitambulisho cha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anza kukishughulikia mapema, kwa sababu tathmini yake ina foleni.

Abdi, Eastleigh

Binamu yangu aliambiwa kuna seli shina zinachomwa nje ya nchi na mtoto wa misuli anapona. Wameuza gari. Je, Mama Jabali naye asijaribu?

Baba Amani, Githurai

Abdi, ndugu yangu, mwambie binamu asitume pesa kwanza. Hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kuponya Duchenne, na kliniki zinazouza matumaini haya zinajua mzazi atauza hata kitanda. Utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa ada ya kuingia.

Kilichopo ni hiki. Kuna dawa inaitwa eteplirsen, Marekani iliipitisha mwaka 2016. Hufanya mwili uiruke eksoni ya 51, na kwa mtoto aliyekosa 48 hadi 50, kama wa Mama Jabali, kuruka huko kunarudisha usomaji kwenye fremu. Distrofini inayopatikana ni kidogo, ubishi kuhusu msaada wake haujaisha, na bei kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya dola. Nimeitaja ili Mama Jabali aione faida ya kujua namba zake. Utafiti ukifunguliwa mahali, swali la kwanza ni mtoto amekosa eksoni zipi, na yeye anayo majibu mkononi.

Mama Jabali, Kayole

Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote haya, amesema tutaenda kliniki pamoja. Swali langu la mwisho. Mdogo wangu yuko Kisii, ana mimba changa. Nimwambie au nisubiri?

Baba Amani, Githurai

Mwambie leo, kwa simu, wala si kwa ujumbe. Mimba ina saa yake.

Wewe upimwe kwanza, haraka. Usipokutwa nayo, hatari ya mdogo wako ni ndogo sana. Ukikutwa nayo, yeye naye apimwe dilisheni hiyo hiyo. Asikubali kupimwa CK peke yake na kuambiwa yuko salama, maana wabeba jeni wengi CK yao ni ya kawaida. Akiwa ni mbeba jeni, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti nusu kwa nusu ya kubeba. Zipo njia za kumpima mtoto tumboni, ya kondo kuanzia wiki ya 11 hivi, ya maji ya mimba kuanzia kama wiki ya 15. Kupima au kutopima ataamua yeye na mumewe, ndugu wasimkalie kikao.

Na wewe mwenyewe, hata damu yako ikiwa safi, ukitaka mtoto mwingine mwambie daktari. Mara chache mabadiliko huwa kwenye baadhi ya mayai ya mama bila kuonekana kwenye damu.

Mtumie mdogo wako ripoti nzima, kurasa zote, si picha ya ukurasa wa kwanza. Maabara itataka kuona hizo eksoni 48 hadi 50 ili iwatafutie nyinyi hizo hizo.