Naomba ushauri: nikiweka jina kubwa juu ya picha hamuoni kitu, nisipoliweka naibiwa

Binti Mwambao (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nafungua uzi kwa sababu jambo hili linaninyima raha.

Napiga picha kwa mapenzi tu, sina studio. Nina Canon 600D niliyoinunua mtumba na lenzi yake ya 18-55, na kuhariri nafanyia kwenye simu kwa Snapseed. Naishi Bagamoyo, kwa hiyo asubuhi nyingi kabla ya kazi napita ufukweni wanakoshushia samaki. Mwaka jana niliweka mtandaoni picha ya ngalawa mbili zimelala mchangani maji yamekupwa, jina langu dogo chini kulia. Baada ya miezi miwili shoga yangu akanitumia skrinishoti: picha ile ile iko kwenye ukurasa wa nyumba moja ya wageni. Wameikata pale chini, jina limeondoka na kipande cha mchanga. Niliwaandikia mara tatu. Mara ya kwanza walisoma wakanyamaza, mara ya pili wakasema wameitoa Google, mara ya tatu wakanizuia nisiwaandikie tena.

Tangu hapo naweka jina katikati, herufi nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Juzi nikaweka picha ya mzee anashona wavu nikaomba mnikosoe. Watatu wa kwanza wote mliniambia kitu kimoja: toa hayo maandishi kwanza. Mwingine akaipakua, akaihariri upya bila kuniuliza, akaiweka hapa. Maelezo yake yalinifaa, ila sura ya yule mzee ilibadilika na roho iliniuma.

Naomba mnieleweshe: jina likae wapi na liwe na ukubwa gani? Picha ya kuombea maoni niihariri kwanza, au niilete kama ilivyotoka kwenye kamera? Na mtu kuhariri picha ya mwenzake ili amfundishe, mnalionaje? Nawasilisha.

Lenzi Hamsini

Pole sana dada. Mimi naona ulinzi umeuweka mahali pasipo pake. Kinachokulinda zaidi ni ukubwa wa faili unalolitoa.

Kamera yako inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 44 hivi. Hiyo ndiyo mali, ibaki kwako. Hapa tuletee nakala yenye pikseli 1200 upande mrefu. Kwenye simu na kompyuta inaonekana vizuri kabisa, tutaona kama macho yako kwenye fokasi, tutaona kama upeo wa bahari umelala upande. Lakini atakayetaka kuichapa kwa ubora ule ule ataambulia sentimita kumi tu.

Siku wakikuibia tena na ukataka kuthibitisha ni yako, toa faili kubwa lenye kingo zote ambazo wao hawana. Piga RAW, lile faili ghafi la kamera lisilobanwa wala kuhaririwa, pamoja na JPEG ya kawaida, usifute RAW hata kama kadi inajaa. Na ingia kwenye menyu ya hiyo 600D, kuna sehemu ya kuandika jina la mpiga picha. Andika mara moja, litaingia ndani ya kila faili. Mitandao mingi huvua taarifa hizo ukipakia, lakini kwenye faili lako la asili zinabaki.

Nahodha wa Lamu

Dada, salamu kutoka Lamu. Mimi nampinga kidogo Lenzi. Jina juu ya picha lina kazi yake. Nilipiga mashua siku ya mashindano, nikaweka jina dogo tu ubavuni mwa tanga, mtu akaiona kwa rafiki wa rafiki akanitafuta kwa jina lile. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Bila jina angenitafutia wapi?

Kosa lako ni pembe. Pembe hukatika. Liweke karibu na kitu chenyewe, lilale kando ya mrengu wa ngalawa au chini ya mlingoti, mahali ambapo akikata anaikata ngalawa. Herufi ndogo, rangi ichukue ile ya pale pale lakini iwe nyeupe zaidi kidogo au nyeusi zaidi kidogo. Uso, mikono na macho ya mtu usiyaguse kabisa.

Mzee wa Negativu

Wanangu, jambo hili si geni. Enzi zetu studio ikikupiga picha, ukigeuza nyuma unakuta mhuri: jina la studio, mji, na namba ya negativu kwa kalamu. Nakala mia zikitoka, negativu ni moja na iko kabatini kwa fundi. Tazameni kadi za posta za zamani za Unguja, zile za mpiga picha A. C. Gomes, maandishi yamepita chini ukingoni na picha imeachwa ipumue. Pale Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na watu mpaka leo huenda kutazama picha za miaka ile. Fundi alijulikana kwa mwanga wake.

Binti, RAW ndiyo negativu yako. Lenzi amesema vizuri.

Kipepeo

Naongeza moja ambalo wengi hawalijui. Kuweka wotamaki (jina au alama inayopita juu ya picha) ile ile, ukubwa ule ule, mahali pale pale kwenye kila picha kuna hatari yake. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba kompyuta ikipewa picha nyingi zenye alama moja isiyobadilika, inaweza kuichambua alama hiyo na kuifuta kwenye picha zote bila mtu kuigusa moja moja. Walisema pia kwamba alama ikipindapinda kidogo kutoka picha hadi picha, kazi ya kuifuta inakuwa ngumu. Na siku hizi simu yenyewe ina kifutio. Kwa hiyo hata hayo maandishi yako ya katikati hayamzuii aliyekusudia, yanatuzuia sisi tunaotaka kukusaidia.

Mshale

Mimi ndiye niliyeipakua picha ya dada nikaihariri. Naomba radhi mbele ya wote. Nilipaswa kuuliza.

Na baada ya kusoma uzi huu nimerudi kuitazama kazi yangu. Uso wa mzee ulikuwa giza, nikainua mwanga wa picha nzima na kulainisha ngozi. Nimemchubua. Nilichukua mtu aliyeungua jua la miaka hamsini baharini nikamfanya kama amekaa ndani ya ofisi. Mikunjo ya paji la uso nayo nimeipiga pasi.

Nieleze basi nilivyopaswa kukuambia, dada. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha wastani. Nyuma ya mzee kuna bahari inayong'aa, kamera ikaogopa ule mng'ao ikapunguza mwanga, uso ukazama. Siku nyingine palepale ufukweni ongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili yake, au pima kwenye shavu lake na si baharini. Kwa hii uliyonayo, fungua Snapseed, chukua ile zana ya kugusa sehemu moja, weka nukta shavuni, bana vidole viwili mpaka mduara ubaki usoni tu, kisha telezesha kidole kulia taratibu. Ukiona weupe unaanza kwenye pua, rudi nyuma. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake mwenyewe, huo ndio unaoutafuta. Rangi ya mtu usiiguse.

Lenzi Hamsini

Mshale umeongea kiungwana. Kuhusu swali la tatu, mimi naona mwenye picha aandike mwenyewe: "ruksa kuhariri na kurudisha hapa hapa" au "maneno tu, msiiguse". Asiyeandika kitu, tuchukulie hakuruhusu.

Kuhusu swali la pili, leta zote mbili, iliyotoka kwenye kamera na uliyoihariri. Ukileta iliyohaririwa peke yake hatujui kosa limezaliwa mkononi au kwenye simu. Kwa mfano ile ya ngalawa: maji yalikuwa ya buluu kama soda, na kuzunguka mlingoti kulikuwa na mstari mweupe kama vile mlingoti umewashwa taa. Huo mstari hauji na jua, unakuja mtu akivuta makali ya picha kupita kiasi. Na upeo wa bahari umeinama kushoto, maji yanataka kumwagika. Nyoosha upeo kabla ya jambo jingine lolote.

Halafu unahamishaje picha kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu? Kama ni WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, ukihariri na kuhifadhi JPEG inabanwa tena. Anga ya asubuhi huanza kuonyesha mistari mistari, na wewe unadhani ni lenzi.

Kalamu ya Sheria

Kwa faida ya wengi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, na picha zimo. Haki inazaliwa ulipobonyeza kitufe. Huhitaji kuandika jina juu yake wala kusajili popote ndipo iwe yako. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na Tanzania imo tangu 1994. COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, wapo, na kusajili kazi yako kunasaidia ushahidi mkifikishana mbali. Ndugu zetu wa Kenya wana KECOBO, bodi yao ya hakimiliki, na sheria yao ya 2001. "Tumeitoa Google" si jibu. Google inaonyesha picha ilipo, haigawi ruhusa ya mwenyewe.

Waandikie tena kwa barua ya heshima, ambatisha faili kubwa, skrinishoti yenye tarehe, na taja unachotaka: waiondoe, au waweke jina lako, au walipe. Kimoja kati ya hivyo.

Mama Ilham

Mwanangu hongera kwa kazi. Mimi si mtaalamu wa kamera, nina swali moja. Tumezungumza jina lako likae wapi na nani ameiba. Yule mzee anajua kwamba uso wake uko mtandaoni na watu wanaujadili? Ulimwomba?

Binti Mwambao

Mama Ilham, shikamoo. Swali lako limenilaza macho. Nilimsalimia, nikamwonyesha kamera, akatikisa kichwa nikapiga. Kuhusu mtandao sikumwambia kitu.

Leo asubuhi nimekwenda na picha nimeichapa, ile niliyoihariri upya kama Mshale alivyoelekeza. Nimemkuta saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo linatoka. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya chumvi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hapa nilikuwa nimechoka." Nikamweleza mtandao, nikamweleza na ninyi. Ameniruhusu, ila amesema jina lake lisitajwe na nisiseme boti anayovulia ni ya nani. Picha ameiweka kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga fundo.

Barua kwa ile nyumba ya wageni nimeituma kwa maneno ya Kalamu ya Sheria. Majibu bado.

Naweka hapa nakala mbili, pikseli 1200: ya kwanza kama ilivyotoka, ya pili niliyoihariri. Jina nimelilaza kwenye ubavu wa ngalawa iliyo nyuma ya mzee. Ruksa kuhariri na kurudisha hapa hapa, ila rangi ya ngozi msiiguse.

Nahodha wa Lamu

Jina nimelitafuta kabla ya kuliona, na nikikata kwa kidole hapa naondoka na nusu ya ngalawa. Safi kabisa.

Mshale

Kumbe mzee ameshika uzi kwa meno! Mara ya kwanza herufi yako ya tatu ilikuwa imekaa mdomoni pake, nikadhani anatabasamu. Na sindano ya mbao iko mkono wa kulia, inaingia kwenye tundu la wavu.

Sasa naweza kukosoa. Fokasi yako imekaa kwenye ndevu, si kwenye sindano. Nilitamani iwe kwenye sindano na ule uzi uliokazwa, kwa sababu macho yake mwenyewe yanatazama huko. Ulitumia f ngapi, yaani tundu la lenzi ulilifungua kiasi gani?

Binti Mwambao

f/5.6, mwisho wa zumu, milimita 55. Nilimpiga kwa karibu mno labda.

Mshale

Karibu ni sawa. Kesho rudi na f/8, tundu dogo zaidi ili sehemu kubwa zaidi iwe kwenye fokasi, sogea upande wa kushoto wake ili uso na mkono viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Na uwahi. Kwetu huku jua linapanda wima, ule mwanga laini haukai, ukifika saa moja na nusu umeshakuwa mkali usoni pake.