Naomba ushauri: kilele cha G kimehama kabla sijakaza skrubu

Wakuu, habari zenu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, napima nanotyubu za kaboni za ukuta mmoja (mirija midogo mno) kwa spektroskopia ya Raman, yaani namulika leza nasoma mitetemo ya atomi kwenye mwanga unaotawanyika. Sampuli naibana kati ya almasi mbili kwa kukaza skrubu, na kimiminika cha kusambaza shinikizo ni asidi ya salfuriki. Hewani G (kilele cha mtetemo wa vifungo vya kaboni) ilikaa 1592 cm⁻¹. Nikaitia kwenye asidi, skrubu sijazigusa, ikaruka hadi 1612! Nilipofika gigapaskali 2, RBM (kilele cha mrija kutanuka na kusinyaa) ikapotea kabisa. Halafu pale 1332 kuna kilele chembamba, kirefu kama mlingoti. Msimamizi anataka niandike kuwa mirija imebonyea. Mimi moyo unasita.

Fundi_Leza: Mkuu, hiyo 1332 ni almasi inakusalimia. Bendi ya D, ile ya kasoro za mirija, imejificha pembeni yake, kwa hiyo uwiano wa D kwa G uliopimia humo ndani utupe. Kuhusu G, asidi inainyang'anya mirija elektroni, vifungo vya kaboni vinakazana, G inapanda. Hiyo ni dopingi tupu. Shinikizo anza kulihesabia 1612.

MamaSpektra: Rudia kwa methanoli na ethanoli, 4 kwa 1. Haidopishi hivyo, na shinikizo hubaki sawa pande zote hadi kama gigapaskali 10. Mteremko wa G (inavyopanda kwa kila gigapaskali) ukitofautiana na wa asidi, ujue asidi inazidi kupenya unavyobana. Na RBM usiizike mapema. Shinikizo huhamisha nishati za mpito wa elektroni, mrija ukaacha kuitikia leza yako ilhali bado ni mviringo. Niliwahi kuandika "imebonyea" kwenye rasimu, nikabadili leza, RBM hiyoo ikachomoza. Aibu niliyoipata!

Mwenye uzi: Leza ninayo moja tu, nanomita 532.

Fundi_Leza: Basi legeza skrubu kidogo kidogo, kila hatua usome yakuti (kijiwe cha kupimia shinikizo) kwanza ndipo upime. G ikirudi 1612, umetenganisha dopingi na shinikizo. Ila swali: hewani ulitumia nguvu gani ya leza? Mirija ikipata joto G hushuka, na hewani joto halina pa kukimbilia. Hiyo 1592 yako siiamini sana.

Mwenye uzi: Duh. Niliiacha juu kabisa ili nipate ishara nzuri. Kesho naanza upya na hewani.