Mtoto wa nje ya ndoa na mirathi ya baba Mwislamu: tuijibu vipi Mahakama ya Juu?

MWANZISHA MADA (Mombasa)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, tangu tarehe 30 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kurithi mali ya baba yao Mwislamu, nimesikiliza hutuba kadhaa na kukaa baraza nyingi. Karibu kote nimesikia jambo moja: mahakama imeingilia dini. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Nusu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Kwa asiyefuatilia: shauri lilitokana na mirathi ya marehemu mmoja wa Pwani. Upande mmoja wa familia ulisema watoto wa upande wa pili hawakuzaliwa ndani ya ndoa ya Kiislamu, kwa hiyo hawana fungu. Mahakama ya Rufaa iliwapa watoto haki mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaipitisha hukumu hiyo. Kifungu cha 24(4) cha Katiba kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi, lakini kwa kadiri inayolazimu tu. Majaji waliona kumnyima mtoto kwa sababu ya namna alivyozaliwa kunapita kadiri hiyo.

Sasa tuje kwenye elimu yetu wenyewe. Hukumu tuliyosomeshwa chuoni inajulikana: mtoto wa zinaa anamrithi mama na jamaa za mama, wala hamrithi baba. Dalili kubwa ni hadithi ya Bukhari na Muslim, "Mtoto ni wa kitanda, na mzinifu ana jiwe," yaani mtoto ni wa mwenye kitanda alichozaliwa, na mzinifu hapati kitu. Tunaitaja kila siku, ila kisa chake hatukisimulii. Utba bin Abi Waqqas alimuusia nduguye Saad kwamba mtoto wa kijakazi wa Zam'a ni wake. Ilipofunguliwa Makka, Saad akaenda kumchukua. Abd bin Zam'a akasimama: huyu ni ndugu yangu, amezaliwa kwenye kitanda cha baba yangu. Mtume (s.a.w.) akampa Abd. Hata hivyo akamwambia mkewe Sauda binti Zam'a ajistiri mbele ya kijana yule, kwa vile alivyomwona amefanana na Utba.

Kitanda kile kilikuwa na mwenyewe, na watu wawili walikuwa wakimgombania mtoto mmoja. Je, kama mama hana mume, hakuna mwingine anayedai, na mwanamume amesimama mbele ya watu akasema huyu ni wangu? Ishaq bin Rahwayh alisema nasaba yake inathibiti. Ibn Taymiyya akaelekea huko, na Ibn al-Qayyim akaitetea rai hiyo katika Zad al-Maad, akatumia hata kisa cha Juraij tunachowasimulia watoto, yule mcha Mungu aliyesingiziwa mtoto, pale mtoto mchanga aliposema baba yake ni mchungaji. Jamhuri ya maulamaa, yaani walio wengi, haikuwafuata, na mimi si mtu wa kuipindua jamhuri. Ninachosema ni kwamba mlango huu waliubisha watu wakubwa, karne nyingi kabla ya Katiba ya 2010.

Na tuseme tunabaki na jamhuri. Saad huyo huyo aliugua Makka mwaka wa Hija ya kuaga, akaomba kuusia mali yake, akaambiwa: "Thuluthi, na thuluthi ni nyingi." Wasia hauendi kwa mrithi. Basi mtoto tunayesema si mrithi ndiye hasa anayeweza kuusiwa! Fiqhi ilimwachia njia, nasi tukaiacha ikaota nyasi. Ni wanaume wangapi mnaowajua wamelea mtoto wa namna hii miaka ishirini, wakafa bila kuandika hata mstari mmoja?

Misri, kwa Sheria Nambari 71 ya 1946, iliweka wasia wa lazima, yaani ule unaotekelezwa kwa sheria hata kama marehemu hakuuandika, kwa wajukuu waliofiwa na mzazi wao kabla ya babu, ikiegemea rai ya Ibn Hazm juu ya aya ya 180 ya Suratul Baqara. Indonesia iko karibu zaidi na mkasa wetu. Mwaka 2012 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba mtoto wa nje ya ndoa ana uhusiano wa kisheria na baba aliyemzaa. Baraza la maulamaa, MUI, lilipinga. Halikuishia kupinga: katika fatwa yake Nambari 11 ya mwaka huo huo lilisema nasaba na mirathi havipo, lakini dola inaweza kumwadhibu mwanamume kwa kumlazimisha amtimizie mtoto mahitaji yake, na ampe mali baada ya kufa kwake kwa njia ya wasia wa lazima. Adhabu ikamwangukia mwenye kosa, na mtoto akapata.

Sisi fatwa yetu iko wapi? Nawakaribisha.

MWANAFUNZI WA FARAIDHI (Lamu)

Waalaykumussalaam. Ndugu, umeleta elimu, Allah akulipe. Lakini umelikwepa lenye uzito.

Hakuna Mwislamu anayesema mtoto ana dhambi. "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine," ni aya. Suala ni nani anayesema sheria ya Allah ni ipi. Mwaka 1963 wazee wetu waliukubali mwambao wa maili kumi uingie Kenya, Sultani wa Zanzibar akauachia, kwa ahadi ya maandishi kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Mwaka 2010 makanisa yalipiga kampeni Katiba ikataliwe kwa sababu ya makadhi hao hao, tukasimama tukazitetea. Leo majaji wanasema wao ndio watakaopima kipi katika dini yetu kinalazimu na kipi hakilazimu. Wakishakipima hiki, fungu la binti, ambalo ni nusu ya la kijana kwa aya iliyo wazi, litakosaje kupimwa? Tunisia, mwaka 2018 rais wao alitangaza sheria ya kusawazisha mafungu hayo. Haikupita, lakini ilifika mezani.

Na rai ya Ibn al-Qayyim unayoitaja, yeye aliijadili kama mwanachuoni mbele ya wanachuoni. Ukiichukua kuipamba hukumu ya mahakama ya dola, umeing'oa mahali pake. Mimi naogopa pia kwa ndoa. Kijana akijua watoto watarithi vyovyote vile, mahari, walii na mashahidi vitabaki na kazi gani?

MAMA WA KISAUNI

Mimi si msomi kama nyinyi, wanangu. Nataka mjue hawa "watoto wa nje ya ndoa" mara nyingine ni watoto wa ndani. Dada yangu aliolewa mke wa pili kwa siri, shekhe na mashahidi wawili, cheti hakuna. Mume alipofariki, shekhe alikuwa keshatangulia mbele ya haki, shahidi mmoja yuko Bara hajulikani alipo, na yule wa pili akasema hakumbuki. Siku ya arubaini watoto watatu wakawa wana wa haramu. Walikuwa wanamwita baba, anawalipia madrasa na skuli, mtaa mzima unaona. Tangu 2014 sheria ya ndoa inataka hata nikaha zetu zisajiliwe. Wanaume hawataki, kwa sababu mke mkubwa atajua. Basi kabla hamjaanza na nasaba, anzeni na hizo ndoa za siri mnazozifungisha wenyewe. Wallahi naandika haya mkono ukitetemeka.

WAKILI

Kwa ufupi. Kwa kifungu cha 170 cha Katiba, kadhi ana mamlaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Mmoja akikataa, Mahakama Kuu iko wazi. Na uamuzi wa Mahakama ya Juu unaifunga kila mahakama iliyo chini yake, na ya kadhi ni mojawapo. Hutuba haziwezi kuufuta. Aliyebaki na uwezo wa kufanya kitu ni Bunge.

MWANZISHA MADA

Mama, shikamoo, na Allah amrehemu shemeji yako. Umenirudisha nyuma, kwa kuwa mimi nilianza na vitabu na wewe umeanza na watoto watatu. Nikubaliane nawe: usajili wa nikaha ndio wa kwanza, na imamu anayefungisha ndoa ya siri huku akijua kwamba kesho itakanwa ana sehemu yake katika dhuluma hiyo.

Sheikh wangu wa Lamu, hofu yako juu ya kupimwa ni ya haki, nami ninayo. Ila tazama tulivyofika hapa. Kwa miaka mingi watoto hawa walikuja kwa masheikh wakaambiwa "huna kitu", mlango ukafungwa. Aliyefungiwa mlango huu akabisha ule mwingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kabla hajawa Kadhi Mkuu, aliwaambia watu wa Mombasa hii hii wasilaumu wageni kwa mambo waliyoyaacha wenyewe. Naona angetuuliza vilevile.

Ninalopendekeza ni hili: maulamaa, ofisi ya Kadhi Mkuu na wabunge wetu Waislamu waandike mswada wa wasia wa lazima. Mtoto ambaye baba alimkiri akiwa hai, kwa maandishi au kwa malezi yanayojulikana, apate kiasi kisichozidi thuluthi. Mafungu ya Qur'ani yabaki kama yalivyoteremshwa, na nasaba isiguswe. Sijui kama mahakama itaridhika na thuluthi baada ya kutoa haki ya mirathi yenyewe. Huenda isiridhike. Lakini angalau itakuwa mbele yake rai ya Waislamu iliyoandikwa, yenye dalili.

Na kwako, sheikh wangu wa Lamu, nina swali moja, naomba ulijibu kama unavyomjibu mtu aliyekuja kwako baada ya Alasiri. Mzee amekaa mbele yako, mzima wa akili, pamoja na kijana wake wa nje ya ndoa anayemuuguza, na warithi wake wengine wanajua. Anasema, sheikh, nimuandikie kiasi gani, na nimuandikie vipi wasije wakamnyang'anya? Utamwambia nini?