Tangu niugue malaria nikipanda kilima pumzi inakata, niendelee na mazoezi ya mbio za milimani au niache? Niko Kigoma

binti_wa_gungu

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, miaka 34, naishi Gungu hapa Kigoma mjini. Nakimbia na kikundi cha joging cha mtaani kwetu na mwezi wa tisa tumekubaliana kwenda kushindana milimani, tunapanda gari mpaka Kalinzi halafu tunaacha lami tunaingia njia za miguu za mashamba ya kahawa, panda shuka panda shuka, kama kilomita 12 hivi. Wenyeji wa huku mnajua ile milima ilivyo, kuna sehemu hata mbuzi anafikiria kwanza.

Sasa shida yangu. Mwezi wa nne nililazwa na malaria kali, nikachomwa sindano za artesunate nikamalizia na dawa za mseto, nikapona vizuri tu homa haijarudi. Ila mwili haujarudi. Tambarare sina tatizo, tunaenda upande wa Ujiji tunarudi huku tunapiga stori. Lakini kile kilima cha kutoka stesheni kupandisha Mwanga, ambacho zamani nilikua nakimaliza naongea, saivi nusu yake tu moyo unadunda mpaka masikioni, kifua kinabana, miguu inaisha nguvu, nasimama nimeshika magoti. Na nikisimama haitulii haraka, wenzangu wanakua wameshapotea mbele mimi bado nahema. Halafu kuna kikohozi kikavu kinakuja usiku na alfajiri, kimeshapita wiki tatu sasa.

Kwenye kikundi wananiambia komaa, pumzi inajengwa kwa kukomaa, ukiacha utaanza upya. Mume wangu anasema niache kabisa mwaka huu. Mimi kwa kweli hizi mbio nazipenda toka moyoni, ndo kitu pekee kwenye siku yangu ambacho ni changu mwenyewe, sio cha watoto wala cha shule, kwa hiyo sitaki kuacha kwa hofu tu, na sitaki kukomaa nife barabarani. Aliyewahi kupitia hii anisaidie.

mgebuka_mkavu

Pole sana dada. Mi nadhani ni mwinuko, sisi tuko milimani hewa ni nyepesi na ukiwa umetoka kuumwa mapafu yanahangaika. Pumzika wiki mbili uanze tena mdogo mdogo. Na tangawizi asubuhi.

nesi_wa_zamu

Mkuu hapo juu nakuheshimu ila mwinuko sio. Ziwa letu liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na Mwanga haijapanda sana juu ya hapo. Hewa nyepesi inaanza kumsumbua mkimbiaji kuanzia mita 1,500 huko na kuendelea, kwa hiyo Kalinzi anaweza kuihisi kidogo lakini sio pale stesheni, tena kwenye kilima alichokua anakimaliza anaongea.

Dada, kitu cha kwanza kilichonijia niliposoma ni damu. Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, hiyo inajulikana, ila kuna jambo wengi hawaambiwi wakiruhusiwa: kuna baadhi ya watu waliotibiwa malaria kali kwa sindano za artesunate ambao damu inashuka tena baadae, wiki ya kwanza mpaka ya nne baada ya matibabu, homa hakuna, vimelea hakuna, mtu anajiona kapona kumbe damu inapungua kimya kimya. Ndo maana inashauriwa mgonjwa arudi apimwe wingi wa damu ndani ya hizo wiki nne. Dawa yenyewe ni nzuri sana inaokoa maisha, mtu asisome hapa akaikataa, ninachosema ni kurudi kupima. Sasa wewe ikishuka mwezi wa tano hakuna aliyeona, mpaka ijijenge upya ni muda, na kama ulikua na upungufu wa madini chuma toka mwanzo kwa sababu ya hedhi nzito au uzazi wa karibu karibu basi inajijenga kwa kusuasua.

Na hiyo ya tambarare uko sawa mlima unakukataa inaingia hapo hapo. Mapafu yanavuta hewa vizuri tu, ni sawa na bandari yetu meli imefika imejaa mzigo lakini makuli, yaani chembe nyekundu za kubeba hewa, ni wachache. Tambarare mzigo ni mdogo wanamudu, ukianza kupanda misuli inadai mara mbili tatu, moyo unakimbizana kufidia, ndo huko kudunda mpaka masikioni.

Nenda kapime FBP, kile kipimo cha damu kamili, usikubali kuangaliwa kope tu. Kope la chini likiwa jeupe linatuonyesha damu imeshuka sana, ila anemia ya katikati inapita machoni bila mtu kuiona. Mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu (hemoglobini) chini ya 12 ni upungufu. Waombe na choo kiangaliwe minyoo, safura inanyonya damu taratibu.

La pili ni hicho kikohozi. Kikizidi wiki mbili ni lazima makohozi yapimwe TB, wala usione aibu, kipimo na dawa kwenye vituo vya serikali ni bure. La tatu, sikiliza kifua usiku, kama kinatoa mluzi ukitoa pumzi hiyo inaweza kua pumu hata kama utotoni hukua nayo, waambie daktari usiku na alfajiri ndo kinazidi maana hilo neno lina uzito kwake.

Mpaka upate majibu tembea tu, usikimbie mlima. Na ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, miguu kuvimba, au ukilala chali pumzi inakata, usisubiri ushauri wa hapa, hospitali siku hiyo hiyo. Kwenu kama kuna selimundu pia wataje.

mstaafu_wa_reli

Mwanangu marahaba. Msikilize huyo nesi kwanza, mimi naongezea ya uzoefu.

Niliugua TB zamani nikiwa bado kazini, nikameza dawa miezi sita yote bila kuruka, nikapona makohozi safi. Lakini pumzi haikurudi kama ya mwanzo, kwa sababu ule ugonjwa ukipona unaacha makovu kwenye mapafu na kovu halipitishi hewa. Hili nalisema kwa wale vijana wa kikundi chako wanaosema komaa. Kuna pumzi ya uvivu inaondoka kwa mazoezi, na kuna pumzi ya ugonjwa ambayo ukiikomalia inakuumiza, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote mtu anahema.

Mimi mpaka leo napanda. Nilichojifunza ni kupanda kwa hesabu ya pumzi, sio kwa hesabu ya watu walio mbele. Hatua mbili navuta, hatua tatu natoa, natoa kwa midomo iliyobanwa kama napuliza chai, mlima ukikaza hatua zinakua fupi lakini hesabu haibadiliki. Ikibadilika, nikajikuta navuta kila hatua, hapo nasimama wima mikono kiunoni mpaka irudi. Sikimbii kumalizia kilima kwa sababu kimebaki kidogo, hapo ndo watu wengi wanapojiharibu.

Jingine angalia msimu. Sasa hivi mvua zimekata, kuanzia mwezi wa saba watu wanachoma majani kule milimani, jioni moshi unatanda mabondeni na vumbi juu yake. Mwenye kifua kibovu akimbie asubuhi, na akiona moshi abaki nyumbani siku hiyo hajapoteza kitu. Hata jikoni, kama unapikia mkaa au kuni ndani ya chumba hutoki kwenye kikohozi hata umeze nini.

MuhaUghaibuni

Dada pole, mimi mtoto wa Kasulu ila niko Uingereza, kaskazini kule Cumbria, huku hizi mbio za milimani ni kama dini. Wanapanda vilima vilivyo wazi, majani na mawe na matope, mara nyingi hakuna hata njia, unatakiwa ubebe koti la mvua, ramani, dira, filimbi na chakula. Wamezipanga kwa madaraja, daraja A ni zile ambazo kila kilomita moja ina wastani wa kupanda mita 50 au zaidi na sehemu ya barabara haizidi asilimia 20. Hiyo yenu ya Kalinzi ya kilomita 12 kama jumla ya kupanda inafika mita 600 ni daraja A kabisa, sio joging tena, waambie wenzako wajue wanachoingia.

Nilichotaka kukwambia hasa ni hiki, huku kwenye kupanda kukali karibu wote WANATEMBEA, hata wanaoshinda kuna sehemu wanatembea. Unainama mbele kidogo, viganja juu ya mapaja karibu na magoti, unasukuma kila hatua. Mtu anayetembea hivyo kwa mpangilio anampita anayejaribu kukimbia akasimama akajaribu tena. Kwa hiyo hata kabla hujaumwa, kama mlikua mnakimbia kilima chote mlikua mnatumia nguvu mahali ambapo haina faida kubwa. Mbio zinapatikana kwenye kushuka na kwenye mgongo wa mlima.

Kama itakua ni pumu au damu usikate tamaa. Paula Radcliffe wa huku Uingereza ana pumu toka utotoni na alishawahi kusumbuliwa na upungufu wa damu vile vile, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa mpaka 2019. Lakini alikua anatibiwa na kupimwa, hakua anakomaa tu.

Kurudi kwenyewe mimi baada ya nimonia nilifanya hivi, asubuhi kabla sijatoka kitandani nahesabu mapigo ya moyo dakika nzima naandika. Yakizidi ya kawaida yangu kwa kumi au zaidi nilikua sikimbii siku hiyo. Na ukiwa na homa hata ndogo usiguse mazoezi kabisa, maana kuna maambukizi yanaingia kwenye misuli ya moyo na mazoezi makali wakati huo ni hatari ya kweli.

binti_wa_gungu

Wapendwa nimerudi na majibu, na asanteni sana, mzee wangu na nesi nimewasoma mara nyingi mpaka mume wangu akaanza kusoma na yeye.

Nilienda nikaomba FBP kama nilivyoambiwa. Damu 9.2. Daktari mwenyewe alishangaa nakimbiaje. Minyoo hakuna, makohozi TB hakuna, eksirei ya kifua safi. Halafu akanipa kile kibomba cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, nikapuliza, akanipa dawa ya kuvuta, nikasubiri kama robo saa nikapuliza tena, mshale ukapanda sana. Akasema ni pumu pia, kwa hiyo ni vyote viwili vimekutana. Nimepewa vidonge vya madini chuma, inhela ya bluu ya kufungua kifua, na ya kahawia ya beklometasoni ya kila siku asubuhi na jioni.

Maswali yangu: mwezi wa tisa bado upo au nisahau? Na hizi inhela kwenye mashindano sio dawa zilizokatazwa? Na hii ya kahawia naona uvivu kuitumia maana sioni ikinisaidia saa hiyo hiyo kama ya bluu.

nesi_wa_zamu

Hongera kwa kwenda dada, wengi wanaishia kuuliza.

Ya kahawia ndo dawa yenyewe, tafadhali usiiache. Ya bluu inafungua njia kwa saa chache tu, uvimbe ulioko ndani inauacha pale pale. Ya kahawia inatuliza uvimbe taratibu, siku na wiki, ndo maana huioni. Sukutua mdomo utemee maji kila ukimaliza kuitumia usije ukapata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Ukijiona unahitaji ya bluu mara nyingi kwenye wiki jua pumu haijatulia, rudi kwa daktari.

Damu ikiitikia vidonge vizuri huwa inapanda kama 2 ndani ya wiki tatu nne, kwa hiyo kufika mwezi wa tisa unaweza kua juu ya 12, ila rudia kipimo usikisie. Hata ikifika usiache vidonge, vinaendelea kama miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Choo kua cheusi ni kawaida. Chai na kahawa zinazuia madini chuma kuingia, kwa hiyo weka saa moja kabla na mbili baada. Kidonge na maji ya ndimu au chungwa, na kwenye sahani dagaa, maini, matembele, maharage. Dagaa wetu hawa wa ziwani usiwaone wadogo.

MuhaUghaibuni

Inhela ya bluu salbutamol inaruhusiwa na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, mwisho maikrogramu 1,600 kwa saa 24 na isizidi 600 ndani ya saa 8. Mpulizo mmoja ni 100, kwa hiyo matumizi ya kawaida uko mbali kabisa na kikomo. Ya kahawia ya kuvuta haina shida. Kabla ya kuanza kupanda pasha mwili moto taratibu dakika 15 hivi, kifua cha pumu kinachukia kushtukizwa.

mstaafu_wa_reli

Mwanangu mwezi wa tisa nenda. Nenda ukapande kwa miguu, kwa hesabu yako, na kama kipimo cha damu hakijafika basi kaa kwenye kituo cha maji pale katikati uwapokee wenzako, na wewe ni sehemu ya mbio.

binti_wa_gungu

Nimekubali mzee. Nimeshawaambia kikundi mimi napanda kwa kutembea, na wawili wengine wamesema wataambatana na mimi, kumbe na wao walikua wanaumia kimya kimya. Nesi la mwisho, ya bluu nikivuta naona nyingi inaishia kwenye ulimi, nakosea wapi?

nesi_wa_zamu

Unabonyeza na kuvuta havikutani, ni wengi hivyo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe. Pasha waya moto, toboa tundu kwenye kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela mpaka iingie ikaze, pembeni ukiona upenyo ziba na utepe. Unatikisa inhela, unaichomeka pale kitakoni, mdomo wa chupa unauweka mdomoni unabana na midomo, unabonyeza mara moja, halafu unavuta taratibu kwa kina unashika pumzi kama sekunde kumi. Mpulizo wa pili unarudia toka kutikisa. Chupa uioshe kwa maji ya sabuni na usiifute ndani kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe, ukiifuta dawa inanata kwenye plastiki badala ya kuja kwako.