Repo ya Ubuntu bila intaneti kwa kompyuta 24: nianzie wapi?

Lurambi_Lab:
Wadau, habari za jioni. Maabara iko nje kidogo ya mji wa Kakamega: kompyuta 24 za Ubuntu 24.04, swichi moja, seva moja yenye diski ya TB 1, intaneti hakuna. Mtandao wa kutegemea uko Kisumu, kwa hivyo diski ya nje itajazwa huko iletwe kwa matatu. Faili za .deb (vifurushi vya programu) za kubeba kwenye fleshi zimenishinda: ukiweka moja, dpkg, kisakinishi chake, inadai nyingine tatu. Nataka repo, yaani ghala la programu, ili mwanafunzi aandike `sudo apt install geany` (kihariri cha msimbo) na ikubali. Njia ipi inafaa?

Nyamasaria:
Mwalimu, dpkg haitafuti vitegemezi (vifurushi ambavyo kingine kinavihitaji), inalalamika tu. Anayetafuta ni apt, naye husoma faili za Packages (orodha za vifurushi) ndani ya folda ya `dists`. Ndiyo maana rundo la .deb peke yake si repo.

Diski ya nje ifomatiwe ext4. exFAT na FAT32 hazihifadhi ruhusa za Linux wala viungo vya faili. Tazama `lsblk` kwanza. Ukikosea herufi ya diski umefuta nyingine.

Kule Kisumu weka `apt-mirror` (programu ya kunakili repo nzima), kisha hariri `/etc/apt/mirror.list`:

```
set base_path /media/repo
set defaultarch amd64
set nthreads 10
deb http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu noble main restricted universe
deb http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu noble-updates main restricted universe
deb http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu noble-security main restricted universe
```

Noble ni jina la Ubuntu 24.04. Hizo tatu zitoke kwenye anwani moja. Ukichukua noble-security kutoka security.ubuntu.com, itaingia folda yake na faili zilezile zitakaa mara mbili.

Kabla ya kupakua, apt-mirror hutaja jumla ya GB. Piga hesabu hapo: laini ya Mbps 10 ikishiba hupitisha kama GB 4.5 kwa saa, yaani GB 100 ni saa 22. Universe (sehemu ya programu za jamii) ndiyo yenye tumbo, lakini Geany imo humo, huwezi kuiacha. Stima ikipotea katikati, endesha amri tena. Faili zilizokamilika hazirudiwi.

Kwenye seva (hapa anwani yake ni 192.168.10.2) weka nginx, seva ya wavuti, na uifunue folda ya `ubuntu`. Kompyuta za wanafunzi zisomeke hivi kwenye `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`:

```
Types: deb
URIs: http://192.168.10.2/ubuntu
Suites: noble noble-updates noble-security
Components: main restricted universe
Architectures: amd64
Signed-By: /usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg
```

Utaona watu mitandaoni wakishauri `trusted=yes`, yaani apt isikague saini. Usiiweke. Umenakili InRelease (faili la orodha lenye saini) jinsi ilivyo, kwa hivyo saini ya Ubuntu bado inathibitika hata bila intaneti.

Bondeni_Nakuru:
Nyamasaria, kwa maabara ya programu kumi na tano, kubeba universe nzima ni kununua shamba kwa ajili ya sukuma wiki. Aptly, programu nyingine ya kutengeneza repo, inachuja:

```
aptly mirror create -architectures=amd64 -filter='geany | gcc | libreoffice' -filter-with-deps -dep-follow-recommends lab-noble http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu noble main universe
aptly mirror update lab-noble
```

Usiache `-dep-follow-recommends`. Apt kwa kawaida huvuta pia vifurushi vinavyopendekezwa, lakini aptly haivifuati bila kuambiwa. Ukisahau, hakuna kosa litakaloonekana. Programu itaingia tu ikiwa imepungua kitu.

Tengeneza nyingine ya noble-updates na ya noble-security kwa kichujio kilekile, fanya `aptly snapshot create` (nakala ya hali ya repo wakati huo) kwa kila moja, ziunganishe kwa `aptly snapshot merge -latest`, halafu `aptly publish snapshot -distribution=noble`. Kuruka updates ndiko kunakoleta "held broken packages": kompyuta ina libc6 (maktaba ya msingi) mpya, repo ina libc6-dev ya zamani, na libc6-dev inataka libc6 ya toleo lilelile hasa.

Gharama yake: saini sasa ni yako. Tengeneza ufunguo wa GPG wa kutia saini, na ule wa umma usambaze kwenye kompyuta zote 24.

Kibuye_22:
Zote mbili zinafanya kazi, ila mtakwama hapa. `apt install chromium-browser` kwenye Ubuntu haileti kivinjari, hiyo .deb ni ganda linaloita duka la snap (mfumo mwingine wa vifurushi), na dukani hamfiki. Kisumu endesha `snap download chromium`, utapata faili mbili. Maabara: `snap ack` kwa ile ya .assert, kisha `snap install` kwa ile ya .snap. Ikidai base (snap ya msingi), kama core22 au core24, ipakue vivyo hivyo.

La pili ni saa. Betri ya CR2032 ikifa, kompyuta inaamka mwaka wa nyuma na apt inakataa: "Release file is not valid yet". Kwenye seva weka chrony (programu ya kugawa saa mtandaoni), ndani ya chrony.conf ongeza `local stratum 10` na `allow 192.168.10.0/24`. Kwa wanafunzi, `NTP=192.168.10.2` ndani ya timesyncd.conf. Saa ya seva yenyewe irekebishwe kwa mkono, kwa kutazama simu.

Mkihamisha kutoka diski ya nje kwa rsync (programu ya kunakili), nakilini `pool` (vifurushi vyenyewe) kwanza, `dists` baadaye, na `--delete` (kufuta vilivyoondolewa) mwisho kabisa. Mkigeuza, anayesakinisha wakati huo ataona orodha inayotaja faili ambazo hazijafika.

Lurambi_Lab:
Shukrani. Naanza na aptly. Wote 24 wakisakinisha kwa pamoja, seva itamudu?

Nyamasaria:
Itamudu, swali ni swichi. Kifurushi cha MB 200 mara 24 ni GB 4.8, na vyote vinapita kwenye kebo moja ya seva. Kwa Mbps 100 ni karibu dakika 7. Kwa gigabiti ni chini ya dakika moja, kama diski itaikimbilia. Angalia taa ya swichi kwenye tundu la seva, na kebo yake iwe na nyaya zote nane: zikishika nne tu, inashuka hadi 100 bila kukuambia.