Tupeane uzoefu: famasi chuoni mnasoma nini hasa?

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), anataka kuomba famasi Muhimbili. Mzee anauliza miaka 4 yote ya kukariri majina ya dawa ni ya nini. Mliopita huko mtusaidie.

Mwana wa Mbagala: Majina ni sehemu ndogo. Unaanza na mwili wenyewe: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Mimi nilikuja kunasa kwenye utengenezaji. Kundi letu lilitengeneza vidonge, vikatoka vizuri, vigumu, vinang'aa. Tukaviweka kwenye maji ya nyuzi 37, joto la mwili. Kidonge kisichopakwa kitu juu kinatakiwa kiwe kimevunjika ndani ya dakika 15. Vyetu vilitulia tu, tulikuwa tumevigandamiza mno. Dawa imo, kipimo sahihi, lakini mgonjwa angemeza na asipate nafuu. Siku ile ndipo nilipoelewa nimekuja kusomea nini.

Binti Temeke: Kwangu ni somo la dawa za mimea. Bibi alitulea kwa mwarobaini, nami niliingia darasani nikidhani wataudharau. Wapi! Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa sinkona. Artemisinini, ambayo dawa mseto ya malaria imejengwa juu yake, ilitoka kwenye mmea, na Tu Youyou wa China akapata Nobel mwaka 2015. Kinachosumbua ni kipimo: majani ya leo na ya msimu ujao hayana nguvu sawa. Ndiyo maana tunachuja, tunatenganisha, tunapima.

Mtarajali: Hesabu asizikimbie. Mtoto wa kilo 10, miligramu 15 kwa kila kilo, ni 150. Nukta ikihama inakuwa 1,500. Na baada ya hiyo miaka 4 kuna mwaka wa utarajali hospitalini, ndipo utakapojua kama uliielewa famakolojia, yaani jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, au uliipita tu kwenye mtihani.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimemsomea mzee ile ya vidonge, kanyamaza, kisha kaenda kuchukua vyake vya presha. Anauliza kwa nini aliambiwa asivivunje.

Mwana wa Mbagala: Shikamoo yake kwanza. Mwambie vingine vimetengenezwa viachie dawa taratibu. Akikivunja, dozi ya siku nzima inaweza kuingia kwa mkupuo.