Re: Kadi ya dhahabu imeshuka bila taarifa, nani mwingine yamemkuta?

Kutoka: Mama Mapacha

Wanajumuiya, hamjambo.

Jana nimeadhirika kaunta ya uwanja wa ndege. Nimefika na watoto wawili na mabegi matano, kifua mbele, nikanyoosha moja kwa moja hadi foleni ya wenye kadi za wasafiri waaminifu. Binti wa kaunta akatazama kioo chake, akatazama tena, kisha akaniinamia kwa sauti ya chini kama anayetoa habari za msiba: "Mama, mfumo unaonyesha kadi yako ni ya fedha." Yaani ngazi ya chini ya dhahabu. Begi la tano nimelilipia. Kiasi sisemi, bado kinaniuma.

Dhahabu niliipata 2019, mwaka niliosafiri kikazi hadi nikachukia harufu ya ndege. Korona ilipoingia, shirika (nisilitaje) likaniandikia mara mbili kwamba limeniongezea muda na sihitaji kufanya lolote. Nikazoea. Maili zangu za kununulia tiketi, kama 80,000, bado zipo pale pale, sijazigusa.

Sasa nisaidieni. Iweje maili zibaki na kadi ishuke? Na nikilalamika nitasikilizwa, au nitakuwa nampigia mbuzi gitaa?

Kutoka: Nesi wa Zamu

Pole dada. Mimi yangu iliisha kimya kimya hivyo hivyo. Barua pepe ya kuongezewa muda ilikuja na mapambo na picha ya mawingu, ya kunishusha haikuja kabisa. Au ilikuja ikatumbukia kwenye kapu la matangazo.

Ninachojua ni kwamba maili na hadhi, yaani ngazi ya kadi, ni vitu viwili. Mengine namwachia Mzee wa Tiketi, akiamka.

Kutoka: Mzee wa Tiketi

Nimeamka. Na marahaba kwa mlionisalimia pembeni.

Mama Mapacha, wasomaji wa orodha hii wanajua nimekaa nyuma ya dirisha la tiketi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo aibu uliyoipata naijua kwa upande wa pili wa kaunta. Yule binti hakuwa na uwezo wa kubadili kitu. Anachokiona ni herufi chache zilizoandikwa kando ya jina lako.

Nesi amesema kweli. Ndani ya akaunti yako kuna madaftari mawili. La kwanza ni la maili za kutumia, zile za kununulia tiketi. Hizo zina sheria zake za kuisha: kwa mashirika ya Marekani, Delta na United hawazifuti kwa kupita muda, American Airlines wanazifuta akaunti ikikaa miezi 24 bila kusogea. Daftari la pili ni la hadhi. Hili hufunguliwa upya kila mwaka wa hesabu, na linauliza swali moja tu: mwaka huu umetufanyia nini? Unaweza kuwa na maili milioni kwenye daftari la kwanza na sifuri kwenye la pili.

Sasa tukumbuke ilivyokuwa. Kwa hesabu za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, abiria duniani walishuka kutoka bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. Wengi hawakuweza kutimiza masharti ya kadi zao. Delta walitangaza Aprili 2020 kwamba hadhi ya mwaka ule itaendelea hadi 31 Januari 2022, na baadaye wakasogeza tena hadi Januari 2023. United nao walisogeza hadi Januari 2022 na kushusha viwango vya kupandia ngazi. British Airways waliongeza mwaka mzima na kupunguza pointi zinazotakiwa. Takriban kila shirika kubwa lilifanya namna yake.

Watu walidhani ni huruma. Huruma ilikuwepo kidogo, lakini tazameni wakati ule ule fedha zilitoka wapi. Mwaka 2020 United waliweka rehani mpango wao wa maili, MileagePlus, wakakopa dola bilioni 6.8. Delta wakaweka SkyMiles na kupata bilioni 9. Machi 2021 American wakaweka AAdvantage na kupata bilioni 10. Ndege zilizoegeshwa jangwani zilikuwa na thamani ndogo ya kukopea, lakini orodha ya wasafiri waaminifu na mikataba ya kadi za benki inayo. Wewe na kadi yako ya dhahabu mlikuwa sehemu ya ile rehani, mama. Nani anawafukuza ng'ombe aliokwisha kuwaweka rehani?

Kisha watu wakarudi angani, na kadi nyingi mno za dhahabu zikakutana na viti vile vile na vyumba vya mapumziko vile vile. Hapo ndipo mashirika yakageuza mizani yenyewe. Zamani ilipimwa safari na umbali, sasa inapimwa pesa. American walianza Machi 2022 na pointi zao mpya ambazo hata matumizi ya kadi ya benki yanaziongeza. Delta, Septemba 2023, walitangaza kwamba kitakachohesabiwa ni matumizi tu, na ngazi ya juu ikapandishwa hadi matumizi ya dola 35,000 kwa mwaka. Kelele zilikuwa kubwa hadi mkuu wao, Ed Bastian, akakiri wamevuka mpaka, na Oktoba wakaishusha hadi 28,000. British Airways waligeuza 1 Aprili 2025: pointi 1 kwa kila pauni 1, fedha ni 7,500 na dhahabu ni 20,000. Zamani fedha ilikuwa pointi 600, na mtu mjanja wa kupanga safari alizipata bila kufilisika.

Kuhusu kulalamika: andika, lakini usidai haki, maana kwenye masharti haipo. Omba. Andika miaka uliyosafiri nao, safari uliyokwisha kulipia ambayo haijafika, na kwa nini mwaka huu umepungukiwa. Anayepungukiwa kidogo husikilizwa. Anayepungukiwa nusu hujibiwa kwa barua ya shukrani.

Kutoka: Kaka wa Usiku

Shikamoo mzee. Naheshimu maelezo, ila naona tunamtia mama moyo kwa kitu ambacho wengi wetu hatuna biashara nacho.

Sisi tunasafiri mara moja kwa mwaka, wengine mara moja kwa miwili. Chukua Flying Blue, mpango wa wasafiri wa Air France na KLM, ambao tangu 2018 wanahesabu kwa kipande cha safari na daraja ulilokalia. Daraja la kawaida, kipande kifupi cha kuunganisha ni XP 5 (XP ndizo pointi zao za hadhi), kirefu cha maili 3,500 hadi 5,000 ni XP 10. Kwenda na kurudi unapata 30. Fedha inataka 100. Huyo mtu wa safari moja atafika lini? Na kwa hao wanaohesabu pesa ndiyo kabisa. British Airways wanataka pauni 7,500 kwa mwaka kwa fedha, tena kodi za serikali hazihesabiwi ndani yake!

Halafu jambo ambalo familia nyingi hazilijui: ukilipia tiketi tano, pointi za hadhi hazikujii wewe mlipaji. Kila abiria anapata zake kwenye akaunti yake. Maili za kutumia baadhi ya mashirika yanaruhusu kuzichanga kifamilia, hadhi kwa kawaida hapana. Kwa hiyo baba analipa wote watano, na mtoto wa miaka minne ana pointi sawa na zake.

Mimi nilifanya hesabu, nikaacha. Natafuta tiketi yenye mabegi mawili ndani ya bei na muda mzuri wa kuunganisha. Shirika lolote.

Kutoka: Nesi wa Zamu

Kaka, mtoto wa miaka minne mwenye kadi ya fedha nimecheka peke yangu kwenye basi.

Ila siyo wote wa mara moja kwa mwaka. Kuna wenzetu wa miradi, wa meli, wa mikutano. Na siku ndege inapofutwa, mwenye kadi anashughulikiwa kwanza. Hilo nimeliona kwa macho yangu, mimi nikiwa niliyebaki kwenye benchi.

Kutoka: Mzee wa Tiketi

Kaka wa Usiku, marahaba, na hesabu yako siipingi. Nakuongezea moja tu. Wengi wanatawanya: safari hii pointi huku, ile kule, na mwisho wana akaunti sita zenye vumbi. Si lazima pointi ziende kwa shirika lenye ndege. Mashirika yaliyo ndani ya miungano ya Star Alliance, Oneworld au SkyTeam hupokea safari za wenzao, na hapo ndipo penye mwanya, kwa sababu safari ya mshirika mara nyingi bado huhesabiwa kwa umbali na daraja la tiketi, hata pale ambapo safari zao wenyewe zinahesabiwa kwa pesa. Angalia ile herufi ya daraja kwenye tiketi kabla ya kununua. Kuna herufi za bei ya chini zinazoleta pointi kiduchu au hakuna kabisa.

Na kwa wenye mizigo, ngazi ya kutazamwa ni ile inayotambuliwa na muungano mzima. Star Alliance Gold, kwa mfano, inakupa begi moja zaidi panapohesabiwa mabegi, au kilo 20 zaidi panapopimwa uzito, hata ukipanda ndege ya shirika jingine la kundi hilo. Kadi ya fedha ya shirika la kundi hilo mara nyingi haivuki mlango wa shirika hilo kwa jambo la mizigo. Soma kabla ya kufunga begi.

Kutoka: Mgeni wa Orodha

Habari zenu wakubwa, mimi ni mpya hapa. Naomba kuuliza. Ndege yangu ilifutwa, wakanipandisha ya shirika jingine nje ya kundi lao. Nikafika salama, lakini pointi hazijaingia popote. Ndiyo zimepotea?

Kutoka: Mzee wa Tiketi

Karibu sana mwanangu. Hili ndilo swali zuri kuliko yote ya wiki hii.

Hazijapotea, ila haziji zenyewe. Mfumo unasubiri uonekane kwenye ndege uliyonunua. Haukuoni, unafunga faili. Na shirika lililokubeba halina habari na akaunti yako. Kinachotakiwa ni wewe kuwaandikia uliowanunulia tiketi, ukiomba wakuhesabie safari kama ilivyokuwa kwenye tiketi ya mwanzo, maana mabadiliko yalikuwa yao, si yako. Mashirika mengi hukubali yakiombwa. Ambatisha vitu vitatu: risiti ya tiketi yenye ile namba ya tarakimu 13, pasi ya kupandia ndege uliyotumia kweli, na ujumbe wao wa kufuta safari.

Pasi ya kupandia ndiyo watu wanaitupa. Ya kwenye simu inatoweka baada ya safari, kwa hiyo ipige picha ukiwa bado umeketi. Na usikae nayo mwaka, dirisha la kudai pointi zilizokosekana linafungwa, kila shirika na muda wake.

Tofautisha na hili: ukikubali kurudishiwa pesa au vocha badala ya kusafiri, hakuna safari, hakuna pointi. Wakati wa korona wengi waliishi kwa vocha halafu wakashangaa daftari liko tupu.

Kutoka: Kaka wa Usiku

Hapo mzee umenipa kitu. Nina safari mbili za namna hiyo.

Na kama tunasema ukweli wote: kuna wakati shirika lenyewe linaondoka. Alitalia ya Italia waliacha kuruka Oktoba 2021, ITA waliochukua nafasi yao wakaanza siku iliyofuata na mpango wao mpya wa wasafiri, wenye kadi za zamani wakabaki na plastiki. SAS, shirika la Skandinavia, angalau walihama na watu wao: 1 Septemba 2024 walitoka Star Alliance wakaingia SkyTeam, na aliyekuwa dhahabu upande huu akatambuliwa upande ule. Lakini kama alikuwa ameipata kwa ajili ya ndege za Lufthansa, waliobaki Star Alliance, imemsaidia nini?

Kutoka: Mama Mapacha

Nimerudi na majibu, baada ya siku kumi na moja.

Niliandika kama mzee alivyoelekeza, kwa adabu, nikaomba. Nikapekua na barua pepe za zamani, nikakuta vipande viwili vya safari ambavyo nilihamishiwa shirika jingine baada ya ndege kufutwa, na picha ya pasi moja ninayo kwa sababu tu mapacha walikuwa wanachezea simu. Ya pili sikuwa nayo, wamekubali risiti.

Wamejibu hivi: vipande vyote viwili vimehesabiwa, dhahabu hairudi, bado napungukiwa na pointi nyingi. Fedha yangu inaendelea hadi mwisho wa mwaka ujao wa hesabu. Ya begi la tano hawakugusia kabisa, wala mimi sikukumbushia.

Nimeuliza pia kama shirika jingine litaitambua hadhi yangu nikihamia, ile ya kuonyesha kadi yako upewe ya kwao kwa majaribio. Wapo wanaofanya hivyo, lakini wanataka kadi iliyo hai, siyo iliyokwisha kushuka. Nimechelewa. Walio na dhahabu inayokaribia kuisha, hiyo omba sasa hivi, kabla mfumo haujakuona.

Kwa sasa ninachohitaji ni mizani ya mkono ya kupimia mabegi. Nani anayo ya kuazima hadi Ijumaa?

Kutoka: Nesi wa Zamu

Ninayo, ila inasema kilo mbili zaidi ya ile ya uwanjani. Njoo uichukue.